Mto wa maganda ya bakwiti ni mgumu kama jiwe: nimeuziwa mbovu?

Swali: Shikamoo fundi. Wiki tatu zilizopita nilinunua mto uliojazwa maganda ya bakwiti (punje inayoliwa kama nafaka), kwa sababu kila asubuhi naamka shingo imekaza, hasa upande wa kushoto ninaoulalia. Niliambiwa mto huu unatibu shingo, hauleti joto, hauingii wadudu na hauharibiki. Nilichopata ni kitu kizito, kigumu kama gunia la kokoto, kinachochakarisha sikioni usiku kucha na kunukia kama ghala. Mume wangu ananishauri nirudie mto wangu wa sponji. Anayeupenda ni mwanangu wa miaka 7, mwenye pumu. Kila alfajiri huja kuulalia. Je, nimeuziwa mto mbovu, au ndivyo ulivyo na mimi ndiye sijauzoea?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Shingo nitaifikia, ila jicho langu limekwama kwenye sentensi moja uliyoipitia haraka, ile ya mtoto mwenye pumu anayeulalia mto huo kila alfajiri. Tuanze hapo. Mengine yanaweza kusubiri.

Leo, kabla jua halijazama, utie mto huo kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, uutoe chumbani. Fua foronya na shuka. Kisha zungumza na daktari anayemtibu mwanao na umweleze wazi kwamba kwa wiki tatu mtoto amekuwa akilaza uso juu ya maganda ya bakwiti. Bakwiti ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana kwa kuleta mzio mkali, na mzio huo hauji kwa kula peke yake. Vumbi la maganda likivutwa puani usiku baada ya usiku, mwili wa baadhi ya watu huanza kuliona kama adui. Kwanza huja chafya na macho kuwasha, kisha kifua kubana saa za usiku, na kwa wachache hatari huwa kubwa zaidi siku watakapoila bakwiti yenyewe. Madaktari wa nchi zaidi ya moja wamekutana na wagonjwa ambao pumu yao ya usiku haikutulia mpaka mto wa maganda ulipoondolewa kitandani. Japani, ambako bakwiti huliwa sana, sheria inaitaja kati ya vyakula vichache ambavyo ni lazima vionyeshwe kwenye pakiti, kwa sababu ya mzio huo huo.

Sisemi mwanao anao. Huenda hana, na kipimo cha ngozi au cha damu kitasema. Ila pumu na vumbi la maganda haviwekwi kitanda kimoja kwa kubahatisha. Daktari akikuta mtoto ana mzio wa bakwiti, mto usibaki nyumbani, hata kabatini. Akisema hana, urudishe kitandani kwako, mtoto abaki na mto wake mwenyewe, nasi tuendelee.

Sasa mto wenyewe. Nimejaza, nimefumua na nimejaza upya mito ya kila aina kwa miaka mingi: ya pamba, ya sufi, ya manyoya, ya sponji iliyokatwakatwa, na hii ya maganda. Kwa jinsi ulivyoueleza, sidhani kama wako ni mbovu. Nadhani umejazwa kupita kiasi, na aliyekuuzia hakukuambia jambo moja la msingi: mto wa maganda hutoka dukani haujamalizika. Anayeumalizia ni mlalaji, kwa kutoa na kurudisha, mpaka ulingane na bega lake na shingo yake. Ukiulala kama ulivyotoka dukani, ni sawa na kuvaa nguo iliyoshonwa bila kupimwa.

Ili unielewe, fungua zipu utoe ganda moja tu, uliweke kiganjani. Utaona kitu cheusi au cha kahawia iliyokolea, chepesi kiasi kwamba ukipumua kwa nguvu kinaruka. Kina pande tatu zilizofumbuka kama ua dogo, na ndani ni kitupu. Bakwiti, ingawa wengi huihesabu pamoja na ngano, si ndugu yake kabisa. Haimo hata katika jamii ya nyasi walimo ngano, mpunga na mahindi. Ni mmea wa majani mapana na maua madogo, na punje yake ina pembe tatu kama piramidi. Kwenye mashine ya kukoboa, punje hupitishwa mahali pembamba, ganda likapasuka kwenye kingo zake, kiini kikachomoka, kisha upepo ukapeperusha ganda pembeni. Ganda hilo, ambalo ni kama sehemu moja kwa tano ya uzito wa punje, halina lishe ya maana hata kwa mifugo. Ndiyo maana tangu zamani watu wa Japani, Korea na China walilitafutia kazi nyingine. Kwa Kijapani mto wako unaitwa sobagara makura: soba ni bakwiti, gara ni ganda, makura ni mto.

Sasa libane ganda hilo kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa zuri litajikunja kidogo, litakusukuma, na ukiliachia litarudi lilivyokuwa. Ukizidi kukaza litavunjika kwa mlio mdogo mkavu. Mchezo wote wa mto huu umo humo: maelfu ya vikombe vidogo vitupu, vyenye kingo, vinavyoteleza vikiwa huru na kukamatana vikibanwa. Kichwa kinapotua, maganda yaliyo chini yake husogea pembeni mpaka yapate mahali pa kukaa, kisha kingo zake hukamatana na kutulia. Mto ukawa na umbo la kichwa chako, na ukabaki nalo. Sponji haifanyi hivyo. Sponji unaikandamiza na yenyewe inakusukuma muda wote, na pale kichwa kilipo kizito zaidi ndipo inapolegea zaidi, huku pengo la shingo likibaki na msaada mdogo. Hata ile sponji inayoshika umbo polepole, iliyobuniwa mwaka 1966 kwa kazi ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya kuboresha viti vya ndege, hufanya kazi kwa kulainika inapopata joto la mwili. Ganda halijali joto. Linashikilia pale pale ulipoliweka.

Lakini ili maganda yasogee yanahitaji nafasi, na hapa ndipo mto wako ulipokosea. Mwaka 1885 Osborne Reynolds, mwanasayansi aliyefundisha Manchester, alieleza jambo ambalo kila aliyetembea ufukweni amewahi kuliona bila kulitia maanani: ukikanyaga mchanga uliolowa, unakauka ghafla kuzunguka unyayo. Alionyesha kwamba punje zilizoshonana haziwezi kupishana bila kwanza kuachiana nafasi, yaani rundo zima halina budi kutanuka kidogo ndipo liweze kujongea. Pale ufukweni, punje zinapoachiana nafasi maji huzama kwenye nafasi hizo mpya, na juu panabaki pakavu. Sasa fikiria punje hizo ziko ndani ya mfuko uliojaa pomoni. Zitatanukia wapi? Haziwezi. Kwa hiyo hazisogei, na mfuko unakuwa kipande kimoja kigumu. Pakiti ya kahawa iliyonyonywa hewa hufanya vivyo hivyo: ni tofali mpaka uikate, na ukishaikata inakuwa unga. Gunia lako la kokoto ni pakiti hiyo. Maganda yenyewe hayana kosa.

Wauzaji wanajua hili, ila mto uliojaa unapendeza rafuni na mnunuzi huona kwamba amepata zaidi. Pia wapo wanaojaza kwa nia njema, wakijua kwamba maganda hukaa chini baada ya wiki kadhaa na kwamba ni rahisi kutoa kuliko kwenda kutafuta ya kuongeza. Sawa, lakini basi wamwambie mtu!

Fanya hivi, mchana, nje ya nyumba, mtoto akiwa mbali na wewe umefunga kitambaa puani. Weka mto kwenye beseni kubwa, usimamishe zipu ikiwa juu, uifungue upana wa kiganja tu. Ukiifungua yote maganda yatakumwagikia na utayaokota mpaka mwezi ujao. Toa vikombe vitatu vya chai. Funga, utikise mto, ulaze mahali pa tambarare, kisha bonyeza ngumi yako katikati. Mto uliojaa mno utaikataa ngumi. Haitaacha hata kishimo. Uliopungua mno utairuhusu ngumi kugusa kitanda. Unaoutaka ni ule unaopokea ngumi, ukaacha shimo, na shimo lile likabaki hata baada ya kuondoa mkono. Kama vikombe vitatu havitoshi, ongeza kimoja kimoja. Katika mito mikubwa iliyojazwa kama wako nimewahi kutoa karibu robo ya maganda yote kabla haijaanza kusikia ngumi. Usishangae.

Hapo umepata mto unaosogea. Bado hujapata mto wako. Wewe hulala ubavu, kwa hiyo pengo lako la kuziba ni refu kuliko la anayelala chali: ni ule umbali kutoka upande wa kichwa hadi ncha ya bega, ukipunguza kiasi ambacho bega linazama kwenye godoro. Mwenye mabega mapana na godoro gumu anahitaji mto mrefu. Mwenye umbo dogo na godoro laini anahitaji mfupi. Ndiyo sababu hakuna awezaye kukuambia kwa mbali ubaki na vikombe vingapi. Lala kama ulalavyo, bega likiwa kwenye godoro wala si juu ya mto, halafu mume wako asimame nyuma yako akupige picha ya simu usawa wa kitanda. Angalia mstari wa pingili kutoka kisogoni hadi katikati ya mgongo. Ukiinuka kuelekea kichwani, mto ni mrefu. Ukishuka, ni mfupi. Ukinyooka, acha hapo hapo. Mfanye yeye aione picha hiyo pamoja na ile ya mto wa sponji, kwa haki kabisa, kwa sababu inawezekana ule wa sponji nao ukaonekana sawa, na kama ni sawa sina haja ya kukubishia.

Kisha jambo ambalo watu wengi hulisahau. Mto wa maganda hulimwa kabla ya kulaliwa. Kila usiku, kabla ya kulaza kichwa, chota maganda kwa viganja kupitia kitambaa, uyasogeze upande wa shingo, ufanye tuta la kimo cha vidole viwili au vitatu kupita urefu wa mto. Nyuma ya tuta gonga shimo kwa ngumi. Shingo inakaa juu ya tuta, kichwa shimoni. Kwa mto wa sufi au sponji tuta kama hilo lingesawazishwa dakika ile ile. Hapa litakuwepo hata ukiamka saa nane za usiku kunywa maji. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na mikono yako haiwezi kuubeba mzigo huo saa saba bila kuchoka, wala misuli ya shingo haiwezi. Ikipata kitu cha kuegemea, inaacha kazi.

Mpe mwili wako muda. Shingo iliyozoea kuzama kwenye sponji italalamika siku za kwanza, na sikio litaona mto umekuwa mgumu. Baada ya wiki moja hadi mbili za mto uliopunguzwa sawasawa, wengi huzoea. Wiki tatu ulizolala nao ukiwa umejaa pomoni usizihesabu. Lakini kama wiki mbili zitapita baada ya marekebisho na bado unaamka na maumivu, uache bila kujilaumu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikilalii chako.

Kuhusu hilo la kutibu shingo, nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna mengi ya kusema: mto hautibu. Unachoweza kufanya ni kuacha kuiudhi shingo usiku, ili ipone yenyewe kama kilichokuwa kikiiudhi ni mkao. Kama ugumu wa shingo yako unatokana na kuinamia simu au kompyuta mchana kutwa, hakuna maganda yatakayouondoa. Na kama maumivu yanashuka hadi mkononi, vidole vinakufa ganzi, mkono unapoteza nguvu, unapata homa pamoja na shingo ngumu, au yalianza baada ya kuanguka au ajali, hayo ni ya daktari, tena bila kuchelewa.

Harufu uliyoitaja inaniambia zaidi kuliko ugumu. Maganda mapya yananukia, hilo ni la kawaida: kama nafaka iliyokaangwa kidogo, kama udongo mkavu. Hupungua ndani ya siku chache za kuanikwa juani. Lakini "ghala" ni neno pana. Ukimaanisha ghala la nafaka kavu, tulia. Ukimaanisha ghala lililovuja mvua, lenye uchachu au harufu ya kuvu, basi maganda hayakukaushwa vizuri au yaliloa njiani, na hapo ndipo nitakubali kwamba umeuziwa kibovu. Vumbi la kuvu ni adui wa mapafu ya mtu yeyote, sembuse yenye pumu. Mto wa namna hiyo urudishe, usijaribu kuuokoa kwa jua.

Ukiwa nje na beseni lako, kagua ubora kwa macho. Mimina vikombe viwili vya maganda juu ya ungo au kitambaa cheupe. Yasambaze kwa kiganja. Maganda mazuri ni mazima kwa sehemu kubwa, yana ukubwa unaokaribiana, na yana mng'ao kidogo. Ukiona vipande vingi vilivyopondeka, vijiti, au vumbi linalobaki kitambaani baada ya kuyaondoa, hayakuchekechwa vya kutosha. Vipande vidogo ndivyo vinavyojaza nafasi kati ya maganda makubwa na kuufanya mto ushonane, uwe mzito na usipitishe hewa. Tafuta pia punje nzima ambazo hazikukobolewa. Moja au mbili si neno. Zikiwa nyingi, huo ni mwaliko kwa wadudu, kwa kuwa mdudu wa nafaka hali ganda, anakula kiini. Peta maganda yote kama unavyopeta nafaka, siku yenye upepo kidogo. Vumbi litaondoka lenyewe. Mimi siuamini mto ambao sijauona ndani, na kwa hiyo siuuzi wala kumshauri mtu anunue mto wa maganda usio na zipu. Ulioshonwa pande zote humpokonya mlalaji haki ya kuurekebisha na ya kuona alichouziwa.

Mfuko wa ndani nao uangalie. Uwe pamba iliyofumwa kwa kubana, ili ncha za maganda zisichomoze na vumbi lisipite kirahisi. Uinue ukiwa mtupu uutazame kwenye mwanga. Ukiona vitundu vya mwanga vimejipanga kama wavu, badilisha kitambaa kabla ya kubadilisha maganda.

Kelele ipo na itaendelea kuwepo, ingawa itapungua. Ni maganda makavu yanayosuguana, na sikio lililolala juu yake huisikia kubwa kuliko ilivyo. Lakini kumbuka mto hauchakarishi wenyewe, hulia unaposogea. Ukishapunguzwa na kulimwa vizuri, kichwa hupata mahali pake mapema na kugeukageuka hupungua. Foronya nzito, au mbili za pamba moja juu ya nyingine, husaidia sana. Ila kuna watu ambao mchakaro huo hawauwezi kabisa, na kwao hakuna dawa zaidi ya kuchagua mto mwingine. Uzito nao ndio huo: mto wa maganda huwa na kilo 2 kwa mdogo hadi kilo 5 kwa mkubwa. Hauzunguki kitandani, ni kweli, lakini ukiwa na tabia ya kuukumbatia na kuugeuza usiku utakuchosha.

Joto? Hapo walikuambia kweli, kwa kiasi. Mto haupoi wenyewe, hauna barafu ndani. Kati ya ganda na ganda kuna nafasi, hewa inapita, joto la kichwa linapata njia ya kutoka badala ya kukaa chini ya shavu kama linavyokaa kwenye sponji nzito. Wanaotokwa jasho kichwani usiku huiona tofauti hii mapema kuliko jambo lingine lolote. Usiupashe mto moto kwenye maikrowevu kwa kudhani utaituliza shingo. Maganda ni makavu mno na yanaweza kuungua ndani kwa ndani.

Kwamba hauingii wadudu na hauharibiki, hayo ni maneno ya biashara. Utitiri wa vumbi hula ngozi inayopukutika mwilini mwetu na hupenda unyevu, na kichwa cha binadamu hutoa vyote viwili kila usiku, mto uwe wa dhahabu au wa maganda. Fua foronya kila wiki kwa maji ya moto. Mto wenyewe uanike juani saa kadhaa angalau mara moja kwa mwezi, ukiugeuza. Mara mbili tatu kwa mwaka mwaga maganda yote kwenye shuka, yaenee tabaka jembamba juani, uyapete, ufue mfuko, ukauke kabisa ndipo ujaze tena. Maganda yenyewe hayafuliwi. Yakilowa kwa bahati mbaya, yaanike siku hiyo hiyo. Yakilala na maji usiku mmoja na kuanza kunuka, yatupe. Ukikuta mdudu, funga maganda kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uyaweke kwenye friza siku nne, kisha uyapete na kuyaanika.

Baada ya miaka mitatu hivi utaona kimo kimeshuka. Maganda husagikana polepole, kingo zinalika, mengine yanavunjika. Chekecha vumbi, ongeza maganda mapya vikombe vichache. Kwa uzoefu wangu, mtu anayelala nao kila siku hafanyi vibaya kubadilisha yote kila baada ya miaka mitano, hata kama muuzaji alimwambia kumi. Yale ya zamani yatandaze kwenye bustani chini ya mimea. Hushika unyevu wa udongo na kuoza taratibu.

Wapo ambao sitawashauri wauguse. Mtoto mchanga kwanza: aliye chini ya mwaka mmoja hatakiwi kulalia mto wowote, na huu ni hatari zaidi, kwa sababu ni mzito na unajifinyanga kuuzunguka uso. Anayelala kifudifudi pia atautupa usiku wa kwanza, kwani hata ukipunguzwa vipi bado utampinda shingo. Na mwenye mzio wa bakwiti, au asiyejua kama anao huku pua na kifua vikimsumbua kila akiamka. Kwa huyo wa mwisho kuna maganda ya spelti, aina ya ngano ya kale ambayo nayo hujaziwa mito, mradi hana mzio wa ngano na daktari wake ameridhia. Kupunguza kwa kikombe, ngumi na tuta ni vile vile.

Nawe ujipime. Ukianza kupiga chafya ukiwa umelala, au macho kukuwasha asubuhi, usijiambie ni mafua. Toa mto siku tatu uone.

Yale maganda utakayotoa kwenye beseni usiyamwage. Yatie kwenye mfuko wa pamba ulio mkavu, uufunge, uandike tarehe, uuhifadhi mahali pakavu ambapo mwanao hafiki, na uyaanike kila unapoanika mto. Kimo kitakapoanza kushuka na picha ya mume wako kuonyesha kichwa kimeinama, utayahitaji. Nijulishe daktari alisemaje kuhusu kijana, na ulibaki na vikombe vingapi.